Jiko la Mkaa Chumbani: Onyo Lisilo na Blanketi ni Nusu ya Onyo

Kila mwaka, miezi ya Juni hadi Agosti inapowadia, nyanda za juu za Afrika Mashariki huingia katika msimu ambao wakazi wa pwani huusikia tu redioni. Makete, Njombe na Mufindi, Lushoto na Karatu, na ng'ambo ya mpaka Limuru na Nyandarua, jua likizama baridi hushuka pamoja na ukungu, na alfajiri nyasi za mabondeni huweza kukutwa zimefunikwa na umande ulioganda. Katika usiku wa namna hiyo familia hufanya jambo linaloonekana kuwa la busara. Jiko la mkaa lililomaliza kuivisha chakula cha jioni huingizwa chumbani, mlango hufungwa, kitambaa husokomezwa chini yake kuzuia upepo, na watoto hulazwa karibu na joto. Mara nyingine, asubuhi yake, ni majirani wanaouvunja mlango huo.

Elimu ya afya imelijibu tatizo hili kwa sentensi moja: usilale na jiko la mkaa ndani. Sentensi hiyo ni ya kweli, na hurudiwa kila msimu katika zahanati, redioni na kwenye mikutano ya vijiji. Hata hivyo jiko huendelea kuingia chumbani. Sababu yake si ukaidi. Mama mwenye mtoto wa wiki tatu ndani ya chumba cha mabati anaihisi baridi katika kila kidole, ilhali gesi anayoambiwa aiogope haioni wala hainusi. Anapotakiwa kumwacha adui anayemgusa ili amkimbie adui asiyeonekana, bila kupewa kitu cha kujifunika, atafanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya. Mtaalamu wa afya anayekataza jiko bila kulijibu swali la baridi ametoa nusu ya onyo, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua nani ataamka.

Kinachotokea ndani ya chumba

Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni. Ukiungua uani penye upepo, kaboni hiyo kwa sehemu kubwa huungana na oksijeni na kuwa hewa ya ukaa inayopeperuka. Ukiungua katika chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua hatua kwa hatua na muungano huo haukamiliki. Hapo huzaliwa kwa wingi gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, haiwashi macho na haimkohozi mtu. Uzito wake unakaribiana sana na uzito wa hewa ya kawaida, kwa hiyo huenea chumba kizima. Aliyelala sakafuni na aliyelala kitandani huivuta vilevile.

Ikifika mapafuni huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Mshikamano huo una nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ule wa oksijeni. Ndiyo maana kiasi kidogo hewani, kikivutwa kwa saa kadhaa, hutosha kukalia sehemu kubwa ya nafasi za oksijeni katika damu. Tena oksijeni iliyobaki hung'ang'aniwa na himoglobini na haiachiliwi kwa urahisi mwilini. Ubongo na moyo, ambavyo haviwezi kungoja, huumia kwanza. Mtu aliye macho huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu hulegea. Aliyelala huzipita hatua hizo bila kuzijua. Usingizi wake huzidi kuwa mzito mpaka anazimia. Wapo wanaozinduka na kutambua kwamba kuna jambo, lakini miguu ikakataa kuwafikisha mlangoni.

Imani kadhaa huwapa watu utulivu usio na msingi. Inasemwa kwamba mkaa ukishashika vizuri na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Mambo ni kinyume chake: moshi huwasha macho na kumwamsha mtu, bali kaa jekundu lisilo na moshi hutoa gesi kimyakimya, na huendelea kuitoa hata linapofunikwa na majivu. Wengine huweka bakuli la maji kando ya jiko, lakini kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Wengine huacha dirisha wazi kwa upana wa vidole viwili. Hewa inayopita kwenye upenyo huo hutegemea upepo wa usiku ule, na hakuna aliyelala anayeupima. Na yule anayesema amelala na jiko miaka 20 bila kudhurika anasema kweli juu ya usiku uliopita. Kiasi cha mkaa, ukubwa wa chumba, idadi ya saa na mwendo wa upepo hubadilika, na usiku mmoja wenye mkaa mwingi na upepo kidogo unatosha.

Nyumba zimebadilika

Wazee husema kwamba babu zao walilala na moto ndani usiku kucha wala hawakufa. Kauli hiyo haistahili kudharauliwa, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi ilipumua kupitia paa na nyufa zake. Moto wake ulikuwa wa kuni, na moshi ulimtoa mtu nje kabla gesi haijamlaza. Moshi huo uliharibu macho na mapafu ya akina mama wengi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuutamani urudi. Lakini nyumba ile haikuwa chupa iliyozibwa.

Nyumba ya leo ina tofali na plasta, dari ya jipsamu, dirisha la alumini lenye kioo na mlango unaobana. Chumba cha kupanga chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu kina hewa ya mita za ujazo 22 na nusu tu, na ndani yake hulala watu wanne au watano. Vibanda vya walinzi, vibanda vya chai, vichwa vya malori yaliyokwama njiani na mahema ya wapagazi kwenye miteremko ya mlima ni vidogo zaidi. Kadiri sehemu ya kulala inavyokuwa ndogo na kuzibwa vizuri, ndivyo inavyotunza joto, na ndivyo inavyotunza gesi.

Ukweli huu hauhusu maskini peke yao wala Afrika peke yake. Ulaya na Marekani wako wasafiri wanaolala katika trela ndogo za kukokotwa na gari, zenye kitanda, meza na jiko. Huko nako wamekufa watu walioingiza ndani ya trela au hema jiko la kuchomea nyama wakidhani limekwisha kuzimika. Januari 1993 dhoruba ilipokata umeme katika eneo la Seattle, hospitali zilipokea makumi ya watu waliodhuriwa na gesi hii, na wengi kati ya waliochoma mkaa ndani walitoka katika familia za wahamiaji ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao. Wahamiaji hao hawakuwa wajinga. Waliujua mkaa kuliko wenyeji wao, ila ujuzi wao ulikuwa wa nyumba nyingine. Miaka michache baadaye, mwaka 1996, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliamua kwamba onyo la maandishi halitoshi, na mifuko ya mkaa ikatakiwa kubeba michoro inayoonyesha kwamba mkaa usichomwe ndani ya nyumba, hema wala gari. Jambo hili liwafikie pia wasomaji wa Kiswahili walio mbali na nyumbani, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo waliopokelewa katika majimbo ya Marekani yenye theluji: umeme ukikatika, jiko la mkaa na jenereta hubaki nje.

Kinachopotea kituoni

Wasiokufa hufika kwa mhudumu wa afya, na hapo nafasi nyingine hupotea. Asubuhi ya Julai watu watatu wa kaya moja wanafika zahanati wakiumwa kichwa, wakitapika na kujisikia wachovu. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Mawazo huenda kwenye chakula cha jana, mara nyingine kwenye sumu au uhasama wa jirani. Wanapewa dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika, kisha wanarudi katika chumba kilekile na jiko lilelile.

Swali moja lingebadilisha mwenendo wa tukio hilo: jana usiku mlipashaje chumba joto? Liulizwe kwa kila mgonjwa wa msimu wa baridi mwenye maumivu ya kichwa na kutapika bila homa, hasa kama wenzake wa nyumbani wana dalili zilezile, au kama hupata nafuu anapotoka nyumbani na kuugua tena anaporudi. Liulizwe pia kwa aliyeletwa amezimia, kwa mwenye degedege lisiloeleweka, na kwa mzee mwenye maumivu ya kifua yaliyomwanza alfajiri.

Kifaa kinachowekwa kidoleni kupima oksijeni hakifai kuaminiwa hapa. Vifaa vingi vya aina hiyo haviwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksaidi. Mgonjwa anayekosa hewa ndani ya seli zake anaweza kuonyesha asilimia 98, na mhudumu akatulia. Wala wekundu wa ngozi unaotajwa vitabuni usingojwe, kwa kuwa huonekana kwa nadra na mara nyingi kwa waliokwisha kufikia hali mbaya sana. Pale ambapo maabara haina kipimo cha gesi hii katika damu, historia ya jiko na dalili hutosha kuanza tiba.

Tiba yenyewe inafahamika: oksijeni kwa kiwango cha juu, kwa barakoa yenye mfuko, mara moja. Mtu akiachwa avute hewa ya kawaida, damu huchukua takriban saa 4 hadi 6 kuondoa nusu ya gesi hiyo. Akipewa oksijeni ya kiwango cha juu, muda huo hushuka kuwa saa 1 hadi saa 1 na nusu. Sukari ya damu ipimwe, moyo uchunguzwe, na aliyepoteza fahamu apelekwe hospitali huku oksijeni ikiendelea. Mjamzito apewe oksijeni kwa muda mrefu zaidi na apelekwe kwa uchunguzi hata akisema amepona, kwa sababu gesi hii hukaa katika damu ya mtoto aliye tumboni kwa kiwango kikubwa na kwa muda mrefu kuliko katika damu ya mama. Kisha ndugu waelezwe kwamba baada ya siku au wiki kadhaa mgonjwa anaweza kuanza kusahau, kubadilika tabia au kuyumba anapotembea. Hali hiyo hutokana na ubongo ulioumia, wala si kurogwa, na inamtaka arudi kituoni.

Nyumbani, anayemkuta mwenzake amezimia chumbani afungue milango, amtoe nje haraka bila yeye mwenyewe kukawia ndani, amlaze ubavu kama anapumua, na atafute usafiri. Maziwa, ambayo wengi huyaamini dhidi ya kila sumu, hayaiondoi gesi iliyomo katika damu, na kumnywesha aliyezimia ni kumpalia mapafu.

Joto lisilohitaji moto

Sasa nusu ya pili ya onyo. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya wati 100. Watu wanne katika chumba kimoja ni majiko manne yasiyotoa kaboni monoksaidi. Kazi iliyobaki ni kulizuia joto hilo lisitoroke, na linatoroka kwa njia zinazoweza kuzibwa kwa gharama ndogo.

Njia ya kwanza ni chini. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi la pili likiwekwa juu ya mtu huku chini kuna godoro jembamba, sehemu kubwa ya faida yake hupotea. Maboksi yaliyokunjuliwa, mkeka, nyasi kavu zilizofungwa ndani ya gunia safi au kitanda kilichoinuliwa kutoka sakafuni husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Mapazia mazito na kitambaa chini ya mlango huzuia upepo. Hakuna ubaya kuziba nyufa hizo, ili mradi hakuna kinachoungua ndani.

Njia ya pili ni unyevu. Nguo iliyolowa jasho au ukungu wa shambani hupoza mwili haraka, kwa hiyo nguo za kazi zivuliwe na kuvaliwa kavu kabla ya kulala, soksi zikiwamo. Nguo mbili au tatu nyepesi zikivaliwa moja juu ya nyingine hushika hewa kati yake na kuhifadhi joto kuliko koti moja zito. Sweta na kofia za mitumba zinatosha. Mlo wa jioni usirukwe, maana mwili hutengeneza joto kwa chakula. Pombe haimo katika orodha hii: hufungua mishipa ya ngozi, mnywaji akajihisi amepata joto wakati joto lake linamtoka.

Jiko nalo lina kazi yake, lakini lifanye kazi hiyo nje. Maji yachemshwe uani, yaachwe yapoe kidogo, yatiwe katika chupa imara iliyofungwa barabara, chupa izungushiwe kitambaa na kuwekwa ndani ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Kwa njia hii joto la mkaa huingia chumbani na gesi yake hubaki nje. Kwa watoto wachanga, walemavu wasioweza kujigeuza, na wagonjwa wa kisukari ambao miguu yao imepoteza hisia, chupa iondolewe kabla hawajalala, kwa kuwa wanaweza kuungua bila kujua.

Kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, kifua cha mama hushinda jiko. Utaratibu wa kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, uliojulikana kama huduma ya kangaruu na kuanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, unapendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa sababu humpa mtoto joto, hurahisisha kunyonya na hupunguza vifo. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi, hufungwa kifuani na kufunikwa kwa nguo ya mama, huku uso wake ukiwa wazi. Baba au bibi anaweza kumpokea mama anapochoka. Kaya inayomwekea mzazi na mtoto wake jiko chini ya kitanda, kwa heshima na upendo, ionyeshwe njia hii kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini, na ionyeshwe kwa vitendo.

Wajibu usimwishie mama

Yote haya yakibaki kuwa ushauri kwa mtu mmoja mmoja, mzigo utakuwa umetupwa kwa mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini nyanda za juu jiko la mkaa hufanya kazi mbili: hupika na hupasha nyumba joto. Kaya inayopewa mtungi wa gesi imepata jibu la kazi moja, na itaendelea kuwasha mkaa kwa ajili ya ile nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzijoto 18 kama kiwango salama cha ndani ya nyumba msimu wa baridi katika nchi zenye hali ya hewa ya wastani au ya baridi. Wapangaji wa makazi wa Njombe na Mbeya wana haki ya kuuliza ni lini joto la ndani litahesabiwa kuwa sehemu ya makazi bora katika mikoa yao, sambamba na maji na choo.

Yapo pia mambo yasiyongoja bajeti ya taifa. Mkaa huuzwa kwa gunia, kwa debe na kwa kopo, na anayeuuza hukutana na kila kaya. Mchoro mmoja wa jiko ndani ya chumba, uliokatwa kwa alama nyekundu na kubandikwa kwenye vibanda vya mkaa, utawafikia wasiosoma. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapotembelea kaya mwezi Mei, kabla baridi haijakaza, aulize wanalala juu ya nini na wana mablanketi mangapi, kama anavyouliza juu ya chandarua. Kliniki ya wajawazito nayo itaje baridi na jiko kila inapozungumzia maandalizi ya kujifungua. Wahisani wanaopeleka vyandarua na madawati wanaweza kupeleka mablanketi mahali ambapo blanketi huokoa maisha.

Kukataza ni rahisi, na katika jambo hili kukataza ni lazima: jiko la mkaa lisilale na watu, liwe linawaka au limefunikwa na majivu. Lakini mhudumu akimwambia mama atoe jiko nje, asiondoke kabla hajatazama kitandani pake. Palipo na sakafu tupu na shuka moja, kazi yake ya siku hiyo bado haijakwisha.